Buti Alilolifunga Akienda Vitani

Nililikuta gari lile likiwa vipande vipande ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba, kule Kibra, miaka michache baada ya askari kurudi kutoka Burma. Magurudumu yalikuwa yameegemezwa ukutani. Milango ilikuwa imelazwa juu ya magunia. Injini ilikaa juu ya magogo, imefunikwa turubai, na kuku alikuwa ametaga chini yake. Bodi yenyewe, nyeusi, ya mtindo wa zamani wenye madigadi mapana ya kufunika magurudumu, ilikuwa imepandishwa juu ya mawe. Kila kilichoweza kufunguliwa kilikuwa kimefunguliwa, isipokuwa buti. Kifuniko cha buti kilikuwa kimefungwa, na kutu ilikuwa imekizunguka pembeni kote.

"Vingine vyote utavigusa," mwenye nyumba aliniambia. "Hilo liache kwanza."

Mwenye nyumba alikuwa sajini mstaafu, mmoja wa wazee wa Kinubi waliopewa mashamba Kibra baada ya kulitumikia jeshi la Mwingereza. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na tarabushi lake hakulivua hata kwenye jua kali. Alikuwa amekuja mjini kwenye gereji ya Mhindi nilikokuwa nikinyoosha bodi za magari, akaomba mtu wa kumuungia gari. Tajiri wangu alipoambiwa kwamba gari lenyewe ni lundo la vyuma, alicheka na kurudi kwenye chai yake. Mzee aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesalimiwa, akatoka. Nilimfuata hadi barabarani nikamwambia nitakuja kulitazama. Sijui hasa kilichonivuta. Nadhani ni jinsi alivyokipokea kicheko kile.

Kwetu kulikuwa Kawangware, upande wa Kabiro, siku hizo ikiwa mashamba ya mahindi na miti ya miwati. Jumamosi mchana, na Jumapili tukishatoka kanisani, nilikuwa nabeba mfuko wangu wa vyombo na kukata njia ya mashambani, navuka vijito, napanda upande wa pili mpaka nione mapaa ya Kibra. Mama yangu alinung'unika kwamba nimepata baba mwingine. Nilimjibu kwamba ni kazi tu.

Gari lilikuwa la mwana wa pekee wa yule mzee. Alikuwa dereva wa Mzungu mmoja, na huyo Mzungu alipolitumbukiza gari lake mtaroni na kulichoka, yeye aliomba apewe mabaki. Akayavuta kwa ng'ombe hadi nyumbani. Akalifungua gari lote ili alianze upya, na kabla hajaanza, vita vikaja, akachukuliwa kuendesha malori ya jeshi. Alikwenda Burma, hakurudi. Ilirudi habari tu, na aliyeileta alisimama mlangoni bila hata kuketi.

Siku ya kwanza nilimuuliza mzee kwa nini ameamua sasa, baada ya miaka yote hiyo.

"Mama yake anataka kulipanda," alisema. "Mwanangu alimwahidi kwamba siku likitembea, wa kwanza kupanda atakuwa yeye. Miaka yote hii hakulitaja. Sasa miguu imemvimba, pumzi inamkatika akivuka uwanja, ndiyo analitaja kila asubuhi."

Mama mwenyewe alikuwa analala barazani kwenye kitanda cha kamba, kichwa kimeinuliwa kwa mito ili apate kupumua. Pembeni yake kulikuwa na kawa alilokuwa akilisuka kwa ukindu wa rangi, lile la kufunikia chakula, limefika nusu. Aliniangalia nikipita na mfuko wangu, akauliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Akaniambia nile tena.

Basi nikaanza kuunga. Nilisugua kutu, nikanyoosha madigadi, nikarudisha milango kwenye bawaba zake. Mzee alikuwa ananishikia upande wa pili bila maneno mengi. Injini haikuwa kazi yangu hasa, lakini miaka ya kukaa gereji ilikuwa imenifundisha ya kutosha, na ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imelala tu. Tuliishusha mahali pake kwa mnyororo uliofungwa kwenye mhimili wa banda, wanaume wa jirani wakivuta. Mzee alikuwa akihesabu kwa sauti ya gwaride, na kila mtu akavuta kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba vitu vingi vidogo havipo. Kabureta haikuwapo. Plagi hazikuwapo. Hendeli ya kuwashia, taa za mbele, nati na bolti za kufungia vioo, vyote havikuonekana. Nilipekua banda lote mpaka chini ya magunia. Nikamuuliza mzee.

Alitazama nyuma ya gari. "Vimo humo," alisema. "Siku ya mwisho kabla ya kuondoka alishinda hapa tangu asubuhi. Alikuwa anafunga funga vitu. Mimi nilidhani anachezea muda."

"Na ufunguo?"

"Aliuvaa shingoni. Alikwenda nao."

Ikawa sasa hakuna namna ila kulifungua buti. Nilichukua mtaimbo. Mzee akaja akasimama kati yangu na gari, akauweka mkono wake juu ya kifuniko.

"Hapana, fundi. Alichokifunga mwanangu hakitafunguliwa kwa kuvunjwa."

Nilimweleza kwamba ningeweza kukinyoosha kifuniko baadaye, hata alama isionekane. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, mkono wake bado uko juu ya kifuniko. Niliurudisha mtaimbo kwenye mfuko wa vyombo.

Nilitumia mbinu zote nilizokuwa nazo. Nilimimina mafuta ya taa kwenye bawaba, nikayaacha yanywe, nikazigonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Bawaba zililegea, lakini kifuniko hakikusogea. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umeyeyuka kwa jua la miaka ile na kugandana na rangi. Nilichemsha maji, nikachovya gunia na kulikanda pembeni, kisha nikapitisha spoki ya baiskeli niliyoiponda ikawa bapa, nikiisukuma inchi kwa inchi kuzunguka kifuniko chote. Mpira ukaachia. Kilichobaki ni kitasa, na kitasa kilikuwa kimekufa kwa kutu. Nilijaribu waya, nikajaribu funguo za magari mengine nilizoazima mjini. Havikufaa kitu.

Jioni moja tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti cha banda, mimi nikipangusa mikono, mzee akingoja wakati wa kutawadha. Aliongea bila kuniangalia.

"Hakutaka kwenda," alisema. "Alikuja akaniuliza. Wengine walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu, lakini yeye, yule Mzungu wake angeweza kumwombea abaki. Aliniuliza, baba, nifanye nini? Mimi nilikuwa nimekwenda vita vyangu nikarudi. Nilikuwa na medali kwenye sanduku. Nikamwambia, nenda. Nilimwambia kama mtu anayemtuma mtoto dukani."

Baadaye niliwaza kwamba pengine alinichagua mimi kumwambia kwa sababu nilikuwa wa dini nyingine, wa kabila lingine, nisiyeweza kulipeleka neno lile msikitini wala sokoni.

"Mama yake anajua?" niliuliza.

"Alikuwa amesimama pale mlangoni nilipomjibu," alisema mzee. "Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu."

Mama alikuwa anazidi kudhoofika. Jumamosi iliyofuata nilipopita barazani aliniita, akaniambia nikae kwenye kigoda. Akanishika mkono wa kulia, akauvuta karibu na uso wake. Nilikuwa nimetoka gereji, sikuwa nimenawa vizuri, na nilitaka kuurudisha.

"Uache," alisema. "Sijachanganyikiwa, mwanangu. Najua wewe ni mtoto wa mwenzangu wa Kawangware. Lakini mikono yako inanuka kama yake. Kaa hapa kidogo."

Nikakaa. Alifumba macho, mkono wangu ukiwa kwenye shavu lake, na pumzi zake fupi zilikuwa zinanigonga kiganjani. Nilisikia nyayo, nikainua macho, nikamwona mzee amesimama uwanjani na birika la maji. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye. Baadaye, bandani, aliniambia kwa sauti ya chini, "Usimzoeze. Wewe utamaliza kazi, utaenda zako."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, kila nilipokuja baada ya siku ile, mama aliponyoosha mkono, nilimpa wangu.

Njia ya kulifungua buti niliipata nikiwa nafanya jambo jingine kabisa. Nilikuwa natoa kiti cha nyuma ili nitengeneze sakafu iliyooza, na egemeo lilipotoka niliona ubao mwembamba uliolitenganisha buti na chumba cha abiria. Ubao ulishikwa kwa skrubu, na mbele yake palipita ukingo wa chuma uliochomelewa kwenye bodi. Nilizilegeza skrubu, nikauinamisha ubao upande mmoja. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kupitisha mkono tu, hadi begani.

Nilimwita mzee nikamwonyesha. "Hakuna kitakachovunjika," nilimwambia. "Kitasa kimefungwa kwa ndani na nati. Nikizifikia, kifuniko kitafunguka chenyewe."

Alifikiri, akakubali kwa kichwa. Kisha alitoka, akaenda kumwambia mkewe.

Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, nikaingiza mkono. Kitu cha kwanza nilichokigusa kilikuwa laini, kitambaa, na ndani yake kitu kigumu. Pembeni yake kulikuwa na kingine, na kingine. Vilikuwa vimepangwa safu safu. Nilivipapasa kimoja kimoja nikipita juu yake mpaka nikalifikia bati la kifuniko, nikashuka nalo mpaka kwenye kitasa. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Nilizipaka mafuta kwa kidole, nikangoja, nikajaribu kwa spana fupi niliyoweza kuigeuza nusu mzunguko tu. Bega liliniuma mpaka nikatokwa na machozi. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilinishinda, nikapumzika, nikairudia. Ilipoachia, kitasa kilianguka ndani kwa kishindo kidogo.

Mzee alikuwa nyuma ya gari. Nilitoka nikamkuta amesimama mikono imening'inia, kifuniko kikiwa kimejiinua kiasi cha kidole. Nilidhani angependa kukiinua yeye. Aliniashiria niinue mimi.

Ndani ya buti kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa na kupakwa girisi. Kabureta. Plagi, kila moja na kipande chake. Taa za mbele zimeviringishwa kwenye shati zima la khaki, mikono ya shati imefungwa fundo. Nati na bolti kwenye kopo la siagi. Hendeli ya kuwashia ilikuwa imelazwa juu ya vyote, imefungwa kwa leso ya manjano yenye pambo jekundu.

Mzee aliichukua ile leso, akaifungua taratibu, hendeli ikabaki mikononi mwangu. Akaenda nayo barazani. Mimi nilibaki pale nilipo, lakini sauti zilinifikia. Mama aliipokea leso, akaanza kucheka, kicheko kilichomkata pumzi.

"Leso yangu," alisema. "Hii ndiyo niliyoigombania na jirani. Nilisema ameianua kwenye kamba yangu. Hatujasemezana tangu wakati ule." Akacheka tena, na katikati ya kicheko sauti ikageuka. Nilimsikia mzee akimwambia jambo kwa Kinubi, mara nyingi, neno lile lile. Nilivifunika vile vitu kwa turubai nikaenda kukaa nje ya ua hadi kilio kilipotulia.

Mama aliagiza aletewe vitambaa vyote. Nilitoa kimoja kimoja, nikamletea rundo la matambara na shati. Alivitia ndani ya foronya, akakataza visifuliwe. Na yule jirani akaitwa siku ile ile, akaja, wakashikana mikono kwenye kitanda cha kamba.

Tangu hapo kazi ilikwenda haraka. Vyuma vile havikuwa na hata doa la kutu. Yule kijana alivitunza kama mtu aliyekuwa na hakika ya kurudi. Nilivirudisha mahali pake. Kitasa nilikichonga upya, nikachongesha na ufunguo, nikampa mzee. Jumapili moja alasiri nilizungusha hendeli, injini ikakohoa, nikaizungusha tena, ikawaka. Watu walitoka kwenye nyumba zao. Mzee alisimama kwa ukakamavu wa askari mpaka ngurumo ikatulia.

Mama alivalishwa nguo zake nzuri, akajitanda leso ya manjano. Tulimbeba, mimi na mzee. Alikataa kukaa nyuma kama bibi wa Kizungu. Aliketi mbele karibu nami, mzee akakaa nyuma. Niliendesha polepole kwenye njia ya mashamba, wanawake wakitupigia vigelegele, tukateremka upande wa Silanga ambako mboga zilikuwa zimestawi kando ya maji. Nilidhani anafurahia. Nilipomtazama, niliona anaangalia mikono yangu kwenye usukani.

"Simamisha," alisema.

Nilisimamisha. Injini iliendelea kunguruma chini chini.

"Likiwa vipande, nilikuwa na la kungojea," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza mahali panapomuuma. "Kila nikilitazama bandani nilisema, mwenyewe hajamaliza, atakuja amalize. Habari waliyoleta niliisikia, lakini gari lilikuwa bado. Sasa limekwisha. Limekwisha, na yeye hayumo."

Nyuma yetu mzee alikuwa amefunika uso kwa tarabushi lake. Ndiyo mara pekee niliyomwona kichwa wazi.

"Nirudisheni nyumbani," mama alisema. Akainyoosha mikono yake nyuma bila kugeuka, mzee akaishika, na hivyo ndivyo tulivyorudi, yeye ameshikwa kwa nyuma, mimi nikiendesha kwa gia ya kwanza ili wasiachane.

Hakuomba tena kulipanda. Alifariki kabla ya mvua, mchana, watu wakiwa wamekwenda kuswali. Walimchukua kwenye jeneza mabegani, nami nilifuata nyuma pamoja na majirani wasio Waislamu, nikasimama pembeni ya makaburi na kofia mkononi. Mzee aliponiona alikuja moja kwa moja, akanikumbatia mbele ya watu wote.

Niliendelea kwenda Kibra. Hapakuwa na kazi tena. Tulikuwa tunakunywa chai barazani, naye ananihadithia kijana wake alivyokuwa mtundu, alivyokuwa akipanda paa kuiba maembe yaliyoanikwa na mama yake. Nyumbani, mama yangu aliacha kunung'unika. Alianza kunifungia viazi vitamu nimpelekee mzee.

Kisha hali ya hatari ikatangazwa, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na sisi watu wa Kawangware hatukuweza tena kukata njia ya mashambani kama tulivyozoea. Asubuhi moja walikuja na malori wakatukusanya vijana wote. Niliulizwa nilikuwa nikienda kufanya nini Kibra kila Jumapili na mfuko wa vyuma. Nilieleza habari za gari. Aliyekuwa akiniuliza alidhani vyuma vile ni vya kutengenezea bunduki, na ukifikiria vizuri, hadithi yenyewe ilikuwa ngumu kuaminika. Nilikaa nyuma ya seng'enge miaka kadhaa, nikihamishwa kutoka kambi hii hadi ile.

Nilipoachiliwa nilimkuta mama yangu amezeeka lakini yu hai. Nilikaa naye siku chache, kisha nikaenda Kibra. Ua ulikuwa umejengwa vyumba vya kupanga. Banda halikuwapo, wala gari. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua nguo aliniuliza namtafuta nani. Nilimweleza.

"Mzee alishakufa," alisema. "Mwaka wa juzi. Wewe ndiye fundi?"

Nilisema ndiye mimi.

Alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaiweka. "Alikuwa akikuulizia," alisema. "Akisikia mtu ametoka Kawangware anamwita, anamuuliza kama anakujua na kama mnapewa chakula huko mlikopelekwa. Alikwenda mpaka kwa bwana shauri, yule ofisa wa serikali, na medali zake kifuani, kukuombea. Walimfukuza. Akaenda tena."

Nilimshukuru. Alinikaribisha chai, nikamwambia nina safari. Niliteremka upande wa makaburi, na kwa kuwa sikujua lake ni lipi kati ya makaburi yale mapya, nilisimama tu langoni mpaka jua lilipoanza kupungua, halafu nikashika njia ya kwetu.